Leseni nayo huchakaa?

Swali hili limetoka kwa msomaji wa Lamu, mweka hazina wa kampuni ndogo ya boti za abiria zinazovuka kati ya Mokowe na mjini:

"Assalamu alaikum, Mwalimu. Wenye hisa wetu ni watu tisa, wengi wao wazee, na mwaka huu walitaka taarifa za fedha zisomwe kwa Kiswahili. Mhasibu alikuwa ameziandika kwa Kiingereza, tukampa mtu akatufasiria. Penye deprisiesheni akaandika 'hasara ya kushuka kwa thamani', na penye amotaizesheni akaandika 'malipo ya deni kidogo kidogo'. Mkutano ukachafuka. Mzee mmoja aliuliza injini imeshukaje thamani hali bei za injini madukani zimepanda. Mwingine alitaka kujua deni hilo tulilikopa lini, na kwa nani. Nikaona nifute yote mawili niandike 'uchakavu', nikaambiwa injini ina miaka miwili tu, yaitwaje chakavu? Na programu ya tiketi nayo huchakaa? Naomba maneno ambayo nikisimama nayo mbele ya wazee sitatahayari."

Wa alaikum salaam, mwanangu. Wazee wako hawakukosea hata swali moja. Hesabu zenu huenda ni safi kabisa. Kilichowachafulia mkutano ni maneno.

Tuanze na kushuka. Katika Kiswahili, kushuka kuna mwenziwe, nako ni kupanda. Maji hushuka yakapanda, bei hushuka ikapanda, na shilingi vilevile: mwanzo wa 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Hapo neno limekaa mahali pake, shilingi ilishuka thamani kisha ikapanda. Mzee aliposikia kwamba injini imeshuka thamani, akili yake ilikwenda moja kwa moja sokoni, na huko akakuta bei imepanda. Alisikia sawasawa kile kilichoandikwa.

Lakini mhasibu, alipoandika deprisiesheni, hakwenda sokoni. Tuseme, kwa mfano, injini mliinunua kwa shilingi 480,000, mkakadiria itawafaa miaka 5, na kwamba siku ya kuiuza kuukuu mtapata 30,000. Mhasibu alitoa hizo 30,000, zikabaki 450,000, akazigawa kwa 5, akapata 90,000 za kila mwaka. Basi. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu namba 16, ambayo ndiyo inayoshughulikia boti, mitambo na majengo, inalieleza jambo lenyewe hivyo hivyo: ni kuigawa gharama ya kitu, kwa utaratibu, katika miaka ya matumizi yake. Haidai kusema kitu kile leo kingeuzwa kwa bei gani. Kwa hiyo "kushuka kwa thamani" tuwaachie watu wa benki na wabadilishaji wa fedha.

Sasa uchakavu. Neno hili nalipenda, na sababu yake niliiona Matondoni, kijiji cha mafundi wa mashua huko kwenu Lamu. Mashua ilikuwa imepandishwa mchangani, imeegemezwa magogo, na fundi alikuwa akiizunguka na nyundo ndogo, akigonga ubao mmoja mmoja huku ameinamisha sikio. Penye sauti kavu alipita. Penye sauti nzito alisimama, akachoma kwa ncha ya msumari. "Huu umechakaa tu," akaniambia, "ukitiwa kalafati utakwenda. Huu hapa umeoza." Msumari ulikuwa umezama nusu. Kisha akanionyesha ubao wa tatu, karibu na mkuku: "Na ule ulivunjika, walipanda mwamba."

Vitenzi vitatu kwa mbao tatu. Kuchakaa ni kule kuliwa na kazi: kila safari, kila jua, kila kupwa na kujaa kwa maji kunachukua chake, na mwenye chombo alilijua hilo tangu siku ya kukishusha majini. Kuoza na kuvunjika ni habari nyingine, hizo hazikutarajiwa. Wahasibu nao hutenganisha hivyo hivyo. Kile kinachotarajiwa hukatwa kila mwaka. Lakini injini ikizama, au ikifa kabla ya siku zake, kuna kanuni mbali, namba 36, na hapo ndipo neno "hasara" linapostahili: hasara ya kuharibika kwa mali. Mfasiri wenu alipoandika "hasara ya kushuka kwa thamani" aliwaambia wazee kwamba kuna ajali imetokea. Uchakavu ni gharama ya kuendesha kazi, kama mafuta ya petroli yalivyo gharama. Andika "gharama ya uchakavu", na neno hasara liweke kando hadi siku linapohitajika, Mungu aepushe.

Yule aliyesema injini ya miaka miwili haiwezi kuitwa chakavu, nampa haki yake, na hili ndilo swali ninalotaka tulikalie kidogo. Kweli, "injini chakavu" ni injini iliyokwisha. Hata mnunuzi hataiangalia mara mbili. Lakini hukuandika "injini chakavu". Uliandika "uchakavu wa injini", na kile kiambishi u- kimebadilisha mambo. Sindano si ndefu, lakini ina urefu, nao unapimika. Unyoya si mzito, lakini una uzito. Tunapotoa nomino katika sifa, mara nyingi tunapata jina la kipimo, na kipimo kinaweza kuwa kidogo mno. Injini iliyofanya kazi siku 20 ina uchakavu wa siku 20, na bado inang'aa. Mwambie mzee hivyo, atakuelewa, kwa sababu yeye mwenyewe husema urefu wa kidole bila kudhani kidole ni kirefu.

Na neno lenyewe limeundwa kwa njia ya kawaida kabisa, halikutoka ofisini: choka hutupa uchovu, legea ulegevu, potea upotevu, chakaa uchakavu. Wako wanaoandika "uchakazaji". Hapana. Kuchakaza ni kutenda: mtu amekichakaza kiatu. Uchakazaji wa injini ungekuwa shtaka dhidi ya nahodha wenu.

Vitenzi vinavyoambatana na neno hili navyo viangaliwe, maana mikutano mingi huharibikia hapo. Usiandike "tumelipa uchakavu". Aliyelipwa ni nani? Fedha zilitoka siku mliponunua injini, zote, na tangu siku hiyo hakuna senti iliyotoka kwa jina hilo. Wala usiandike "tumetenga uchakavu", kwa sababu kutenga ni kuweka kando, na mzee mwenye akili atataka kuziona hizo fedha zilipowekwa. Mimi nasema "tumekata uchakavu", kama watu wanavyosema siku zote kwamba kiasi fulani kimekatwa katika hesabu. Jumla ya uliokatwa tangu mwanzo ni "uchakavu limbikizi", na kinachobaki baada ya kuutoa katika bei ya kununulia ni "thamani ya vitabuni". Hilo la mwisho usilikate ukaandika "thamani" peke yake, au tutarudi sokoni na yule mzee. (Watu wa kodi wana viwango vyao wenyewe vilivyowekwa na sheria, na hawachukui uchakavu wa vitabu vya kampuni, sheria ya Kenya kwa muda mrefu ilitumia kwa makato hayo ya mitambo maneno ya Kiingereza yenye maana ya kulika na kuraruka. Kwa hiyo hata Waingereza, wakitaka kueleweka, hukimbilia lugha ya nguo kuukuu.)

Tuje kwenye programu ya tiketi. Hapa wazee wameshika jambo ambalo wafasiri wengi hulipita. Programu haiguswi na chumvi wala jua. Siku ya mwisho ya leseni yake inafanya kazi kama siku ya kwanza. Kisha usiku unaingia, muda umekwisha, na asubuhi haifunguki. Hicho hakikuchakaa. Kilikuwa ni haki ya muda, na muda umeyoyoma. Ndiyo maana wahasibu wakaweka jina la pili, amotaizesheni, kwa mali zisizoshikika: programu, hataza (haki ya mvumbuzi), leseni za miaka kadhaa. Hesabu ni ileile ya kugawa, lakini kinachokwisha si mwili wa kitu.

Hilo "deni" lilitoka wapi? Amotaizesheni inatokana na neno la Kilatini la kifo, na kwa karne nyingi Wazungu wamelitumia kwa maana ya kuliua deni, kulipunguza kwa mafungu hadi life. Hadi leo ukikopa benki, ile karatasi inayoonyesha kila mwezi unalipa kiasi gani cha mkopo na kiasi gani cha riba ina jina hilohilo. Mfasiri wenu alifungua kamusi, akakuta maana ya mkopo, akaibandika kwenye programu ya tiketi. Neno moja, kazi mbili. Katika mkopo fedha hutoka mfukoni kila mwezi. Katika programu hazitoki.

Mimi naandika "upunguzaji wa thamani ya vitabuni". Ni refu, nakubali, lakini mafupi yote niliyoyajaribu yana shimo. "Upungufu" hapana, kabisa: katika hesabu, upungufu ni fedha ambazo hazionekani, na ukilisoma mbele ya watu tisa, wanane watamtazama mweka hazina. "Upunguzaji wa gharama" nalo watu husikia kubana matumizi, kana kwamba mmeachisha makuli kazi. Upunguzaji, kwa kile kiambishi cha kutendesha, unasema wazi kwamba sisi wenyewe, kwa kanuni tunayoijua, ndio tunaopunguza. Na ikiwa wazee wanataka picha, wanayo tayari: bandu bandu huisha gogo. Mlilipa 60,000 kwa haki ya miaka 3. Kila mwaka mnabandua 20,000.

Kuna mahali maneno haya mawili hukutana, nako ni kwenye ardhi, na kwa kuwa pwani yetu haina siku bila kesi ya ardhi, niliguse. Kiwanja hakichakai. Nyumba iliyo juu yake huchakaa, boriti zake za mikoko huliwa, chokaa humomonyoka, lakini udongo upo palepale. Kwa hiyo vitabu hutenganisha kiwanja na jengo, na uchakavu hukatwa kwenye jengo peke yake. Sasa mchukue mgeni mwenye hoteli Malindi. Kwa Katiba ya 2010, ibara ya 65, asiye raia hawezi kushika ardhi ila kwa kukodishwa, na muda usizidi miaka 99. Yeye hana kiwanja, ana miaka. Kila mwaka mmoja huondoka, na ardhi yenyewe haijui. Kwa Kiswahili huo ni upunguzaji, bila shaka yoyote. Lakini tangu 2019, kanuni namba 16 ya mfululizo mpya, ile ya ukodishaji, inataka haki kama hiyo ikatiwe kwa jina la deprisiesheni, na mfasiri makini atakuta neno lisilolingana na akili yake. Mimi hapo huandika "upunguzaji wa thamani ya haki ya kukodi", kwa sababu msomaji wangu ni mwenye hisa anayetaka kuelewa. Mhasibu akipinga, tukae tuzungumze.

Basi simama usome hivi, kwa sauti, bila haraka: "Mwaka huu tumekata uchakavu wa injini shilingi 90,000. Uchakavu limbikizi wa injini, kwa miaka 2, umefika 180,000, na thamani yake ya vitabuni ni 300,000. Katika programu ya tiketi tumepunguza thamani ya vitabuni kwa shilingi 20,000, kwa sababu mwaka mmoja wa leseni umekwisha. Fedha hizi hazikutoka mwaka huu. Zilitoka siku tuliponunua."

Na yule mzee wa bei za dukani akisimama tena, usimnyamazishe. Anauliza jambo ambalo uchakavu haulijibu: injini hii ikifa, mpya itanunuliwa kwa fedha zipi? Zile 450,000 zinazokatwa kwa miaka 5 hazikusanyiki popote, na hata zingekusanyika, bei imekwisha kupanda. Wenye hisa wakitaka, wafungue akaunti waiite "akiba ya injini mpya", waweke kitu kila mwezi. Hapo, mwanangu, ndipo utakapoandika kutenga.