Nimeapishwa kwa msahafu nimpigie mtu kura, je, kiapo hiki kinanifunga?

SWALI

Assalaam aleikum sheikh. Mimi ni mjane, naishi pande za Kilifi, nina watoto wanne. Wakala wa mgombea mmoja alikuja kwenye kikundi chetu cha kina mama na unga pakiti mbili na shilingi mia tano kwa kila mtu. Kabla ya kutugawia aliweka msahafu mezani, kila mmoja wetu akaweka mkono na kusema, "Wallahi kura yangu ya 2027 ni ya fulani." Mzee aliyefuatana naye akaongeza kwamba atakayegeuka atasomewa Halbadiri, ile dua ya kuapiza. Mgombea huyo simtaki, maana tunajua alivyotufanyia katika mambo ya mashamba. Lakini unga tumeshakula. Ustadh wa madrasa ananiambia kiapo ni kiapo, nimpigie tu nisije nikapatwa na balaa. Kijana wangu naye anasema, "Kula kwao, kura kwako," eti hakuna neno. Tangu siku ile kitinda mimba wangu ana homa, na mimi sina raha. Nifanyeje?

JIBU

Wa aleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dadangu. Mtoto mpeleke zahanati kwanza, majibu haya utayasoma ukirudi. Homa kwa mtoto wa pwani yaweza kuwa malaria, na malaria haijui nani ameapa na nani hakuapa.

Hukumu yenyewe ni fupi. Kiapo ulichokula ni yamini ya kweli, si maneno ya kupita. Lakini hulazimiki kuitekeleza. Na kama unajua kwa yakini kwamba mtu huyo ni dhalimu, basi kuivunja ndio wajibu wako, kisha utoe kafara, yaani fidia ya kiapo kilichovunjwa. Hivi ndivyo walivyoandika wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, akiwemo Imam Nawawi katika kitabu chake Minhaj: mwenye kuapa kutenda haramu au kuacha wajibu ameasi kwa kuapa huko, na ni lazima avunje na atoe kafara.

Ustadh wako bila shaka ana hoja mkononi, aya ya 91 ya Suratun Nahl: timizeni ahadi ya Mwenyezi Mungu mnapoahidi, wala msivunje viapo baada ya kuvithibitisha. Aya ni haki. Tatizo ni kusimama hapo. Angeendelea mpaka aya ya 94 angekuta Mwenyezi Mungu anatukataza kuvifanya viapo vyetu kuwa njia ya kudanganyana baina yetu. Sasa nani hapa amekifanya kiapo mtego? Ni mjane mwenye watoto wanne, au ni aliyekuja na msahafu na unga katika mfuko mmoja? Na Mtume, rehma na amani zimshukie, amesema Waislamu wamo katika masharti yao ila sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Ahadi ya kumsaidia dhalimu haisafiki kwa kuwekewa msahafu chini yake.

Iko Hadithi nyingine ambayo natamani ingesomwa misikitini kila msimu wa kampeni, nayo imo katika vitabu vya Hadithi vya Bukhari na Muslim. Mtume alimwambia Abdurrahman bin Samura: usiombe uongozi, kwani ukipewa kwa kuuomba utaachiwa mwenyewe, na ukipewa bila kuuomba utasaidiwa, na ukila yamini kisha ukaona lingine ni bora kuliko uliloapia, toa kafara ya yamini yako na ufanye lililo bora. Mambo mawili, tamaa ya cheo na kiapo kinachotaka kukuzuia na kheri, yamesemwa pamoja kwa mtu mmoja katika maneno mamoja. Katika Suratul Baqara aya ya 224 tumekatazwa pia kulifanya jina la Mwenyezi Mungu kuwa kizuizi cha kutenda wema na kusuluhisha baina ya watu. Anayekwambia "umeapa, huna njia" anakirudisha kizuizi hichohicho.

Jiulize kwa nini mgombea anahitaji kiapo. Tuliokuwepo mwaka 1988 tunaukumbuka mlolongo, mchujo wa KANU, chama tawala cha wakati ule, ambao watu walipangwa foleni hadharani nyuma ya mtu wao, wakubwa wakitazama nani kasimama wapi, na aliyevuka asilimia 70 akahesabiwa amepita bila kupingwa. Foleni ile ilimfichua kila mtu. Leo unaingia kwenye kibanda peke yako, na mwenye pesa zake hakuoni. Ndipo akaleta msahafu. Macho yake yaliposhindwa kufika, akataka khofu yako kwa Mola wako imfanyie kazi ya kukulinda kituoni. Amemfanya Mwenyezi Mungu, aliyetakasika na hayo, kuwa wakala wake wa uchaguzi! Sijui ni jeuri gani kubwa kuliko hii, na inanikera zaidi kwamba mara nyingi anayeubeba msahafu huo ni mmoja wetu, mtu wa kilemba. Wenzangu, "wala msiuze aya zangu kwa thamani ndogo" tumeihifadhi utotoni. Hatukuambiwa kwamba mwaka wa uchaguzi una ruhusa yake.

Kuhusu Halbadiri, wapo wanazuoni wa pwani wanaoikubali kuwa ni kuomba kwa baraka za majina ya watu wa Badr, na wapo wanaoikataa kabisa. Ugomvi huo siufungui leo, kwa sababu kwa pande zote mbili jibu lako ni lilelile. Dua ya mja hujibiwa maadamu hakuomba dhambi wala kukata udugu, hivyo ndivyo ilivyopokewa na Muslim, na kukulazimisha umchague dhalimu ni dhambi. Halafu kumbuka sahaba Muadh bin Jabal alipotumwa na Mtume Yemen kutawala, aliusiwa aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani baina yake na Mwenyezi Mungu hapana pazia. Aliyetahadharishwa ni mtawala. Mwenye kulala macho wazi kwa khofu ya dua hapo Kilifi angekuwa mgombea wenu, si wewe. Homa ya mtoto usiifungamanishe na mkono wako ulipokuwa juu ya kitabu cha Mwenyezi Mungu, kitabu hakiwali watoto wa watu.

Sasa kijana wako. Msemo wake umeenea mno, na wako hata wasomi wanaoupamba: pesa hizi ni kodi zetu walizotuibia, tuzile tu. Hoja hii haisimami. Kama ni mali ya umma iliyoibwa, basi ni ya umma wote, na mwizi hana mamlaka ya kukugawia fungu, sembuse kwa sharti la kiapo. Mtume alimtuma mtu aitwaye Ibnul Lutbiyya kukusanya zaka, akarudi akisema, hii yenu na hii nimezawadiwa. Akaulizwa: mbona hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama angeletewa zawadi? Mtihani huohuo upime unga wako. Kama jina lako lisingekuwamo kwenye daftari la wapiga kura, zingefika hizo pakiti mbili? Basi si sadaka, ni rushwa, na Mtume amemlaani mtoaji wa rushwa na mpokeaji wake. Sheria ya Kenya ya makosa ya uchaguzi ya 2016 nayo imewatia hatiani wote wawili, mtoaji na mpiga kura aliyepokea.

Kisha anayeapa hali moyoni ameshaazimia kutotimiza, huyo amesema uongo kwa jina la Mwenyezi Mungu. Kafara peke yake haimtoshi, anahitaji toba. Mfahamishe mwanao hivyo, kwa upole, maana nadhani alikuwa anataka kukutuliza tu.

Nisieleweke vibaya kuhusu misaada. Basari ya mtoto kutoka mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, au chakula cha serikali wakati wa ukame, ni haki yako. Pokea, wala usimshukuru mwanasiasa kana kwamba ametoa mfukoni mwake. Akikuapisha kwa haki yako mwenyewe, amekudhulumu mara mbili.

Wala sikuweki wewe na wakala katika mizani moja. Hukushikiwa panga, kwa hiyo siwezi kusema ulilazimishwa kwa maana ya kifiqhi, yaani ya sheria ya dini. Lakini aliyepokea kwa njaa si sawa na aliyeitafuta njaa akaifanyia biashara. Na kamati ya msikiti wenu ningependa kuiuliza: zaka inakwenda wapi, kama wajane wa mtaani mnawaachia wakaape kwa unga? Marumaru na spika mpya zingesubiri. Waendee uwaambie mimi nimesema.

Shilingi mia tano na thamani ya unga ni deni, zirudishe utakapoweza, kupitia mtu mnayemwamini. Ukichelea kuumizwa, toa kiasi hicho katika maslahi ya watu, kwa nia ya kujivua nacho tu. Hata ukibadili mawazo ukaona mgombea huyo anafaa, ukampa kura kwa dhamiri yako, hapo huna kafara, ila pesa bado si zako.

Kafara ni kulisha maskini kumi, kila mmoja kibaba cha nafaka, mchele au mahindi, robo tatu ya kilo inatosha na kuzidi, au kuwavisha. Watoto wako hawahesabiki katika hao kumi. Kwa hali uliyonieleza sidhani unaweza, basi utafunga siku tatu. Chakula kingefaa kutolewa hata kabla ya kuvunja yamini, lakini funga haitangulii. Subiri Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027 ipite, upige kura yako bila kumwambia mtu, ndipo ufunge. Si lazima siku hizo zifuatane. Wallahu aalam.