Nyumba ya 1895 Kisumu, na plasta inayovimba

SWALI: Nimerithi nyumba ya mawe karibu na maduka ya zamani ya Wahindi hapa Kisumu. Baba alituambia ilijengwa 1895. Kuta ni nene, paa la vigae vyekundu. Miaka michache iliyopita tulipiga plasta ya saruji. Sasa inavimba na kubanduka upande wa chini, kama futi tatu hivi. Fundi anataka kupiga nyingine nzito zaidi na rangi ya kuzuia maji. Nimruhusu? – Mwalimu mstaafu

JIBU: Mwalimu, mwambie fundi angoje kidogo.

Kwanza huo mwaka. Reli ilianza Mombasa 1896 na haikufika Kisumu, enzi hizo Port Florence, hadi Desemba 1901. Kabla ya hapo mizigo ya pwani ilikuja vichwani mwa wapagazi, na kigae kimoja cha Mangalore, kile chekundu cha kutoka India, kina zaidi ya kilo mbili. Nani angebeba paa zima? Kwa hiyo, heshima zangu kwa mzee, mimi ningeanzia 1902 kwenda mbele. Panda darini ugeuze kigae: vile vya Mangalore hupigwa mhuri wa kiwanda upande wa chini. Ila viwanda vyenyewe vilianza tangu 1865, na vigae huhamishwa, basi mhuri peke yake hautoshi. Tazama pia ukuta wa mbele, juu kabisa: wenye maduka walipenda kuchonga mwaka hapo, na mara nyingi umelala chini ya rangi.

Sasa plasta. Kwangua kwa msumari kati ya mawe. Kikitoka kitu laini cheupe, hiyo ni chokaa. Saruji itaugomea msumari. Kuta za namna hiyo kwa kawaida hazina ile karatasi nyeusi tunayolaza siku hizi juu ya msingi, kwa hiyo maji ya ardhini hupanda ndani yake na kutokea kwenye chokaa, yakakauka kwa upepo. Mkipiga saruji mmeziba mlango. Maji hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na chumvi iliyomo hukauka nyuma ya plasta na kuisukuma. Plasta nzito zaidi itapandisha unyevu hadi kwenye madirisha.

Bandua saruji yote, nusu mita kupita alama ya unyevu. Futa chumvi kwa brashi kavu, usioshe. Hakikisha udongo wa nje hauko juu kuliko sakafu, na mifereji ya paa haimwagi ukutani (nusu ya kesi ninazoitiwa huishia hapo). Acha ukuta upumue miezi kadhaa, ukipata Januari na Februari ni bora. Halafu chokaa moja kwa mchanga safi tatu, tabaka nyembamba, ukifunika kwa magunia mabichi isikauke haraka. Chokaa ya unga inayouzwa kwa mifuko iloweke usiku kucha, na mfanyakazi avae glavu na miwani, maana inachoma. Juu yake paka chokaa ya maji, si rangi ya plastiki.

Fundi usimfukuze. Mpe ukuta wa stoo aanzie hapo.