Redio ya Gari la Zamani Ikinyamaza, Usiing'oe Kwanza

Wewe unayeanza kazi ya umeme wa magari, kesi hii itakufikia mapema. Gari lina miaka 20 au 30, redio iliyotoka nayo kiwandani haiwaki, au inawaka lakini haitoi sauti, na mwenye gari ameshanunua nyingine, ipo kwenye boksi kiti cha nyuma. Anachotaka ni umbadilishie tu. Nakuomba usikubali haraka. Redio nyingi ninazoletewa nizing'oe ni nzima kabisa. Ugonjwa uko kwenye fyuzi, waya, bodi (chuma cha gari, kinachotumika kama njia ya hasi) au spika, na ukifunga redio mpya juu ya ugonjwa huo, itakugomea vilevile, tena safari hii lawama ni zako.

Kabla hujashika bisibisi, muulize mwenye gari maswali mawili. Redio ilizimika ghafla au ilianza kwa kukatakata? Na je, betri ilitolewa au kuisha hivi karibuni? Hilo la pili lina uzito wake. Redio nyingi za kiwandani za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zina kinga ya wizi: umeme ukikatika kisha ukarudi, zinadai namba ya siri. Kioo kikiandika CODE au SAFE, hapo hakuna ubovu wowote. Namba hiyo hutafutwa kwenye kadi iliyowekwa pamoja na kitabu cha gari, au kwa wakala wa kampuni ya gari kwa kutumia namba iliyobandikwa kwenye kava la redio. Usikisie hata kidogo, maana ukikosea mara chache tu inajifunga, na nyingine itabidi uiache ikiwa imewashwa kwa muda mrefu ndipo ikubali kujaribiwa tena.

Kwenye fyuzi, wanaoanza hukagua moja wakaridhika. Redio ina njia mbili za umeme. Kuna waya wa moto wa kudumu, unaotunza saa na stesheni hata funguo ikitolewa, na kuna waya wa moto wa swichi, unaopata umeme funguo ikifika ACC, hatua ya kuwasha redio bila injini. Kila mmoja huwa na fyuzi yake kwenye boksi la fyuzi, na mara nyingi kuna ya tatu mgongoni mwa redio yenyewe. Ile ya kudumu katika magari mengi inagawana na taa ya ndani au saa, kwa hiyo ukiona taa ya ndani nayo haiwaki, umeshapata pa kuanzia. Fyuzi ipime kwa mita. Kwa macho utadanganyika, kwani ufa mwembamba pembeni ya kimetali chake hauonekani.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo muda mwingi hupotea. Umeng'oa redio, umegusisha mita kwenye plagi, inasoma volti 12.4. Unasema umeme upo, redio imekufa. Bado hujathibitisha chochote. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo hata waya uliobakiwa na nyuzi mbili ndani ya ganda lake, au pini yenye ukungu wa kijani, itapitisha umeme wa kutosha kuisomesha mita volti zote. Chukua balbu ya taa ya breki, ya wati 21, ifunge kati ya ule waya wa moto na waya wa hasi kwenye plagi hiyohiyo. Balbu hiyo inavuta karibu ampea 2. Ikiwaka kwa nguvu, njia ni nzima. Ikiwaka kwa unyonge na mita ikaporomoka hadi volti 8 au 7, redio haina kosa. Fuata waya nyuma hadi upate palipooza.

Bodi nayo ipime gari likiwa kazini. Washa redio, ongeza sauti, weka ncha moja ya mita kwenye waya wa hasi wa redio na nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri. Ukipata zaidi ya volti 0.2, bodi ni mbovu: skrubu imelegea, au kutu imeingia chini ya kibano cha waya. Ule mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta, mara nyingi chanzo chake ni hapohapo. Watu hununua vichujio vya kelele bure, wakati kukwangua rangi na kukaza skrubu moja kungemaliza kazi.

Redio ikiwaka bila sauti, geukia spika. Redio za kisasa kiasi, hasa za kuanzia miaka ya 1990, zinaendesha kila spika kwa waya mbili ambazo zote zina umeme: ukipima kutoka kwenye bodi, kila waya unakupa karibu nusu ya volti za betri. Waya mmoja tu ukichunika ukagusa bodi, kikuza sauti (amplifaya) cha ndani ya redio hujikinga na redio nzima inanyamaza, spika zote nne. Chomoa plagi ya spika, unganisha spika yako ya majaribio moja kwa moja kwenye redio. Ikilia, redio umeisafishia jina.

Kisha pima kila jozi ya waya za spika kwa mita ya omu. Spika ya omu 4 husoma takribani 3 hadi 4. Ikisoma sifuri kuna shoti, na isiposoma kitu waya umekatika au spika imeungua. Hakikisha pia hakuna waya unaosomana na bodi. Wakati unapima, fungua na funga mlango. Ule mpira wenye mikunjo kati ya mlango na nguzo ya gari ndiyo makaburi ya waya za spika, kwa sababu miaka 20 ya kufungua na kufunga inazikata ndani huku ganda la nje likionekana zima. Namba kwenye mita ikirukaruka mlango ukicheza, vuta mpira ule nje utaona mwenyewe.

Kwa antena nitasema machache. Ile ya kawaida isiyo na umeme, ncha ya katikati ya plagi lazima isomane na fimbo, na isisomane na ganda la nje. Maji yanayoingia kitakoni mwa fimbo huharibu yote mawili.

Ukishapita kote huko na redio bado haitaki, sasa imekufa kweli. Hata hapo, mwambie mwenye gari kwamba inawezekana ikatengenezwa. Magonjwa ya uzee wa redio yanajulikana: kapasita zilizovuja, lehemu iliyopasuka chini ya kitufe cha sauti, balbu za kioo zilizoungua. Mimi huipigania redio ya asili, kwa sababu inakaa vizuri kwenye dashibodi yake na taa zake zinafanana na za vipimo vingine.

Kama uamuzi ni kubadilisha, toa kwanza kichwa cha hasi cha betri, na kama gari lina mifuko ya hewa subiri dakika kadhaa. Redio zenye vitundu viwili kila upande hutolewa kwa funguo zake maalumu za waya. Usizichokonoe kwa bisibisi. Nyingine zimefichwa skrubu chini ya fremu, na plastiki ya zamani huvunjika ikiwa baridi, basi ipashe joto kidogo na uivute taratibu. Pima nafasi: saizi ya kawaida ni milimita 180 kwa 50, kubwa ni 180 kwa 100, na magari mengi ya Toyota yana upana wa 200.

Plagi ya kiwandani usiikate. Narudia, usiikate. Tafuta plagi ya kuunganishia ya gari hilo, unganisha waya zake na za redio mpya mezani kwa lehemu na mpira wa kusinyaa, kisha chomeka. Tepu nyeusi peke yake gundi yake huyeyuka kwa joto la dashibodi na waya zinabaki uchi. Rangi za redio mpya karibu zote zinafanana: njano ni ya kudumu, nyekundu ni ya swichi, nyeusi ni hasi. Rangi za waya za gari hazifuati utaratibu huo, zipime. Hata kwenye plagi ya ISO, ile ya mpangilio mmoja inayotumika na magari mengi, baadhi ya magari, Volkswagen yakiwemo, yamebadilishana nafasi ya pini A4 (moto wa kudumu) na A7 (moto wa swichi), na dalili yake ni redio inayosahau stesheni kila funguo ikitolewa. Volkswagen hizohizo nyingi zina kikuza mawimbi ndani ya antena kinacholishwa umeme kupitia waya wa antena. Bila adapta yake, redio mpya inashika stesheni moja au mbili kwa shida.

Gari la zamani sana lichunguze betri kabla ya yote. Yapo ya Kiingereza ya hadi miaka ya 1960 ambayo bodi ni chanya, na Volkswagen Beetle za zamani zina volti 6. Redio ya leo ukiichomeka kwenye bodi chanya unaweza kuiua papo hapo, na kwenye volti 6 haitafanya kazi. Na redio zilizotengenezewa soko la Japani zina FM inayoanzia megahezi 76 na nyingi zinaishia 90, hivyo stesheni za juu ya hapo hazitashikika bila kifaa cha kuhamisha masafa. Mteja aambiwe hilo kabla ya kulipa.

Kabla ya kurudisha fremu, zima kila kitu, funga milango, weka mita ya ampea kati ya nguzo ya hasi na waya wake, ngoja gari litulie. Gari zima likivuta zaidi ya miliampea 50, chomoa redio uangalie kama namba inashuka. Ikishuka sana, umeunganisha nyekundu kwenye moto wa kudumu, au waya wa bluu, ule unaowasha antena ya umeme, umeuunganisha pasipo pake. Rekebisha sasa hivi dashibodi ikiwa bado wazi, halafu mpe mwenye gari redio yake ya zamani pamoja na namba yake ya siri.