Magnesiamu stearati: kidogo tu, na mwisho kabisa

Kama umenunua mashine ndogo ya kufyatua vidonge vya mlonge, na kila kidonge kinaacha nusu yake imeganda kwenye chuma, utaambiwa utie magnesiamu stearati. Tia. Ila nisikilize kwanza, maana mimi iliniharibia kilo 10 kwa siku moja.

Ni chumvi, ingawa si ya kutia mchuzini. Unga mweupe, mwepesi, ukiufikicha vidoleni unateleza kama una mafuta, wala hauyeyuki majini. Ni ndugu wa sabuni: sabuni ya mche ni asidi za mafuta zilizoshikana na sodiamu, hii imeshikana na magnesiamu. Sisi wa Mombasa tunaijua jamaa yake bila kuambiwa. Ukifua kwa maji ya kisima, povu likagoma na utando mweupe ukaganda ukingoni mwa beseni, hiyo ni chumvi ya ukoo huohuo. Kwenye kidonge haitibu kitu. Kazi yake ni kuteleza tu.

Nilijifunzia Changamwe, kwenye karakana ya watu wanne. Ami aliyenishika mkono alinambia: gramu 50 kwa kilo 10, uuchekeche, uutie baada ya vitu vyote, dakika tatu basi. Adhana ya adhuhuri ikaingia. Nikaliacha pipa la kuchanganyia likizunguka, nikaenda kuswali, nikapitia viazi karai. Kurudi, dakika 40 zimeisha.

Vidonge vilitoka laini, vinang'aa, hakuna hata kimoja kilichonata. Nikajiona fundi. Ami akachukua kimoja, akakikuna kwa ukucha, kikamong'onyoka. Kingine akakitumbukiza kwenye bilauri ya maji. Tukanywa kahawa tukamaliza, kidonge kiko palepale chini, kimejaa viputo.

“Huyo mteja atakimeza na kukitoa vilevile,” akasema.

Ndivyo inavyokuwa ukichanganya kupita kiasi. Kila chembe inapakwa mafuta, basi chembe hazishikani vizuri, na maji nayo hayapati pa kupenya. Kuzidisha kipimo kunaleta balaa hilohilo. Wengi hukaa kati ya robo asilimia na asilimia 1 ya uzito wote. Mimi sijawahi kuvuka 1. Na uzime feni unapopima, unga huu hupeperuka. Najua, Mombasa bila feni ni adhabu. Vumilia.

Aspirini usiiguse nayo kabisa. Magnesiamu stearati huiharakisha kuvunjika, na unyevunyevu wetu wa pwani huzidi kuisukuma; ukifungua chupa ukakutana na harufu ya siki, ujue imeshaharibika.

Lipo pia swali ambalo wateja wangu huuliza kuliko yote: ni halali? Asidi zake hutoka kwenye mafuta ya mawese, au shahamu ya ng'ombe, au hata ya nguruwe, na kwa macho huwezi kutofautisha. Kidonge cha miligramu 500 chaweza kuwa na miligramu 5 tu, lakini anayeuliza haulizi uzito. Wahindi wasiokula nyama nao huuliza vilevile. Basi kabla hujalipa, taka cheti kinachosema imetokana na mimea, chenye namba ya mzigo sawa na ile iliyo kwenye gunia.

Muuzaji wa kwanza niliyemtaka cheti alinicheka. Nikanunua kwa wa pili.