Mwalimu wa unasihi apunguziwe vipindi, asishikishwe fimbo

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Serikali ifanye nini kusaidia afya ya akili ya wanafunzi shuleni na vyuoni?" Naamini wasomaji wengi watajibu kwamba iajiri wanasaikolojia, kila shule mmoja. Sina ugomvi nao. Lakini hapa Tabora zipo shule ambazo bado zinahangaika kupata mwalimu wa fizikia, na kwa mwendo huo mwanasaikolojia atafika wanafunzi wangu wa leo wakiwa na wajukuu. Mimi nitamzungumzia mtu ambaye tayari yupo na tayari analipwa: mwalimu wa malezi na unasihi. Kazi hiyo naifanya katika sekondari moja ya bweni, juu ya vipindi vyangu vya Kiswahili.

Mwaka 2002 serikali ilitoa maelekezo mawili ambayo sidhani kama kuna mtu aliyeyaweka meza moja akayasoma pamoja. La kwanza ni waraka wa elimu uliotaka shule ziwe na huduma ya ushauri na unasihi. La pili ni kanuni za adhabu ya viboko. Kanuni hizo zinasema kiboko kitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, viandikwe kwenye daftari, na msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike.

Sasa chukua shule yenye walimu wa kike wawili au watatu. Unasihi wa wasichana atapewa nani? Mwalimu wa kike. Na fimbo ya wasichana? Huyo huyo. Mwenzangu mmoja wa wilaya jirani ana barua zote mbili za uteuzi kwenye faili moja, zimetobolewa na kupangwa vizuri kwa tarehe. Jumatatu anamchapa binti kwa kuchelewa prepo, Jumatano anatarajiwa kumuuliza kwa upole kwa nini siku hizi halali usiku. Binti atajibu nini? Atasema yuko salama, Madam, na ataondoka zake.

Isitoshe, wanafunzi hawaji wakisema "nina sonona". Wanasema tumbo. Wanasema kichwa, au moyo unakwenda mbio. Matroni anampeleka zahanati, anapimwa malaria, hana, anapewa panadol na kurudishwa darasani. Akirudia mara ya tatu anaitwa mtegaji.

Mmoja wa kidato cha tatu alikuja kwangu kuomba chaki. Nikampa. Akabaki amesimama, akiivunja vipande vidogo vidogo mpaka ikawa unga mezani. Ni mtoto wa mkulima wa tumbaku wa huko Kaliua. Malipo ya tumbaku yalikuwa hayajatoka, baba alishamwambia kwamba mambo yakiendelea hivyo abaki nyumbani, na nyumbani alikuwepo mtu ambaye binti hakutaka kukaa naye chini ya paa moja. Hili la mwisho alilisema nusu. Tulikuwa kwenye stoo ya michezo, kwa sababu ndiyo "ofisi" yangu ya unasihi: nyavu za wavu, jezi zenye jasho la mwaka jana, na mlango usiofunga. Mwalimu wa michezo akaingia kuchukua mpira, akasalimia, akatoka. Binti akanyamaza. Kisha kengele ikalia na mimi nilikuwa na kipindi. Nusu iliyobaki niliipata baada ya wiki kadhaa, na nilipoipata ikabidi tuite ofisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo. Laiti pale ningekuwa na dakika ishirini na mlango wenye kitasa.

Halafu kuna kuanguka. Aliyesoma bweni la wasichana anajua ninachosema: usiku mmoja anapiga kelele, wa pili anadondoka, kufika alfajiri ni bweni zima. Tunaita mchungaji, tunaita shehe, mzazi mmoja anakuja na mganga wake mpaka getini. Mimi ni mtu wa dini na sala sizikatai. Ila ukichunguza, mambo haya hupenda kuja mitihani ya moko ikikaribia, au baada ya adhabu ya jumla. Na si mapya. Januari 1962, nchi haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru, wasichana wa shule ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka bila kuweza kujizuia, wengine wakilia. Kati ya wanafunzi 159 walipatwa 95, na mwezi Machi shule ikafungwa. Madaktari walipima, hawakukuta ugonjwa wa mwili. Zaidi ya miaka sitini imepita na bado tunaanza na kumtafuta aliyeleta pepo, tukimpata tunamrudisha kwao. Yule aliyeanza kuanguka ndiye wa kwanza kuhitaji kusikilizwa, na ndiye wa kwanza kufukuzwa!

Serikali haijakaa bure, tuseme haki. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, na mimi niliona tofauti kwa baadhi ya wazazi, ingawa wengine bado wanazitengeneza orodha zao kwenye makundi ya WhatsApp. Namba ya simu kwa mtoto, 116, ni ya bure na ni jambo jema kabisa. Imeandikwa ukutani kwetu kwa rangi ya bluu. Chini yake lipo tangazo linalokataza mwanafunzi kukutwa na simu. Sitaki simu ziruhusiwe mabwenini, nisieleweke vibaya. Nataka iwepo simu moja ya shule, kwa matroni au kwangu, ambayo mtoto anaweza kuipigia 116 bila kueleza anakwenda kusema nini.

Vyuo sivijui kwa undani. Ninachosikia kwa mpwa wangu aliye chuoni ni kwamba ofisi ya mshauri wa wanafunzi inajulikana kama mahali pa kufuatilia bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo. Ukienda huko, mwenzako anakuuliza, "La kwako nalo halijaingia?" Mwenye hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, hapangi foleni ile. Watenganishe dirisha la mkopo na mlango wa unasihi, basi.

Kuna jambo moja lisilohitaji bajeti, nalo liko mikononi mwa Bunge. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa la jinai. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anakijua. Mzazi anakijua pia, ndiyo maana hospitali anaeleza habari nyingine kabisa, na daktari anatibu kile alichoambiwa. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kwao kinakwenda kinyume na katiba. Ghana walikifuta cha kwao 2023. Sisi tunangoja nini? Mtoto aliyefika huko anahitaji kitanda cha wodi na mtu wa kukaa naye, hahitaji jalada la polisi.

Lakini nirudi kwenye langu. Ninachoomba ni waraka mfupi kutoka Wizara ya Elimu, TAMISEMI wausimamie: mwalimu wa unasihi asiteuliwe kuchapa wala asikae kamati ya nidhamu, vipindi vyake vipunguzwe nusu, na apewe chumba chenye mlango. Anayepewa kazi hiyo afundishwe kumtambua mtoto wa kumpeleka hospitali mapema, kwa sababu wapo ambao maneno yangu hayatawatosha.

Mkuu wangu wa shule, nilipomsomea rasimu ya jibu hili, aliuliza swali la haki: vipindi vyako 24 vya Kiswahili vikipungua, hivyo 12 atafundisha nani? Mitaani Tabora wapo wahitimu wa ualimu wanaoendesha bodaboda, na wengine wanajitolea mashuleni kwa posho ya michango ya wazazi inayotoka mwezi huu na kukosekana mwezi ujao. Mmoja wao akipewa mkataba wa halmashauri, Kiswahili changu kimepata mtu. Fungu la posho hiyo liingizwe kwenye bajeti ya kila shule yenye bweni, lianze na hizo, kwa sababu huko ndiko mtoto anakolala na kuamka mikononi mwetu.

Mwalimu wa sekondari, Tabora