Jibu la msomaji: Daftari asome nani?

Mhariri, swali lenu la wiki, "Je, kuandika kunaponya moyo ulioumia?", limenikuta na jibu la siku nyingi. Kunasaidia, ndiyo. Ila mimi nataka kulisemea jambo mlilolipita: maandishi hayo asome nani? Msimamo wangu ni kwamba asisome mtu. Hata wale wanafunzi wa mwanasaikolojia James Pennebaker wa Marekani mliowataja, walioandika yaliyowaumiza dakika 15 kwa siku nne mfululizo katika utafiti wake wa mwaka 1986, waliahidiwa siri. Walimaliza kuandika wakiwa na huzuni zaidi, lakini miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Nani angeandika ya kweli akijua shangazi zake watayasoma?

Sisi wa Bukoba tuna tarehe yetu. Asubuhi ya Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka kabla ya kufika Mwanza, meli ya abiria 430 iliyojazwa kupita kiasi. Mnakumbuka waokoaji walivyoitoboa kuwatafuta waliokuwa hai ndani, hewa ikatoka, ikazama kabisa. Mtoto wa mama mkubwa wangu alikuwamo. Hakupatikana. Huenda ni mmoja wa waliozikwa Igoma, kule Mwanza, bila kutambuliwa, huenda yumo ziwani hadi leo. Tulikaa msiba bila jeneza, watu wakatawanyika, na mama mkubwa akanunua kauntabuku.

Anaandika nini hatukujua. Tulichojua ni kwamba taa ya chumbani kwake huchelewa kuzimwa, na asubuhi daftari limo sandukuni, ufunguo shingoni. Miaka mingi baadaye, macho yalipokuwa hayamsaidii tena, aliniita, akafungua sanduku, akaniambia nimsomee. Nilitegemea kilio. Kumbe ni barua kwa mwanawe, na kurasa kwa kurasa ni bei ya kahawa. Anamweleza nani kaoa, mnyauko ulivyoingia kwenye migomba ya jirani, senene walivyokuwa haba mwaka ule, bati lipi linavuja. Anamgombeza kwa kuliacha sweta. Mahali pamoja amechora meli yenye tundu, kisha ameikwangua kwa kalamu mpaka karatasi imetoboka. Nilisoma huku tukicheka, na yeye akinisahihisha: "Hapana, huyo alioa mwaka uliofuata."

Kisha nikafika kwenye ukurasa wenye mstari mmoja: "Ulitaka kungoja wiki ijayo, mimi nikakupa nauli." Nikanyamaza.

"Soma, mwanangu."

Nikasoma.

"Rudia."

Nikarudia. Hakulia. Aliniuliza kama mimi ningempa. Nikamwambia ningempa, mama, na yeyote angempa. Meli ndiyo ilikuwa safari yetu, na barabara ya siku zile tunaijua. Akasema nifunge daftari, tule. Tangu hapo alianza kumtaja kijana wake mezani, kwa jina, mbele ya wajukuu. Kabla ya hapo hatukuthubutu hata sisi.

Nimeandika mpaka hapa na ule msimamo wangu siuwezi tena. Daftari lilimvusha usiku mwingi sana, sina shaka na hilo. Lakini swali la nauli karatasi isingelijibu. Kwa hiyo nasema asome mtu mmoja, aliyechaguliwa na mwandishi mwenyewe, siku anayoitaka mwenyewe. Mwenye kupekua hana haki hiyo. Wala sitaki mshauri aje wiki ya msiba kumshikisha mtu kalamu, maana kidonda kibichi kinaweza kuchimbika zaidi, na anayewaza kujidhuru anahitaji watu wa kukaa naye na tiba, daftari baadaye. Naye mwanamke anayeandika habari za mume anayempiga, na chumba ni kimoja, kwake jibu langu la kwanza linabaki lilivyo: asisome mtu, na daftari likae kwa dada yake.