JIBU: Rangi za tembo wa 1944, na ile franka 5 ya Katanga

Ndugu yetu wa Goma, nimezikuza picha zako hadi zikaanza kupasuka. Umeuliza mawili: kama buluu na zambarau ya kwenye franka 50 ya tembo, ile sarafu ya madini ya fedha ya Kongo ya Wabelgiji, 1944, imeletwa na umri au imepikwa makusudi ili iuzike, na kama madoa ya kijani kwenye franka 5 ya Katanga ya 1961, ile ya bronzi ya wakati jimbo lilipojitenga, ni ya kuogopa. Nitakaa zaidi kwa tembo, kwani ndiko pesa yako inakotaka kwenda.

Hiyo hadithi ya muuzaji kwamba ni moshi wa Nyiragongo ulioipa rangi, mwachie mwenyewe. Kinachogeuza fedha hasa ni hidrojeni salfaidi, ile gesi ya yai viza. Moshi wa mlima wenu una zaidi salfa dioksidi, na hiyo haiivamii fedha hivyo.

Rangi yenyewe ni utando wa salfaidi ya fedha, mwembamba mno, na unachokiona kinategemea unene wake. Huanza manjano hafifu, ikaiva kuwa dhahabu, halafu kahawia-nyekundu, zambarau, buluu. Utando ukizidi kunenepa, manjano hurudi mara ya pili, na hapo ndipo pinki na kijani hujitokeza, hadi weusi. Mpangilio huo haurukwi. Sarafu iliyolala miaka kwenye bahasha au kadibodi, kwa kawaida utaufuata kuanzia ukingoni kuelekea katikati, rangi moja ikizama ndani ya nyingine. Nikikuta kijani kimegusana na manjano ya mwanzo bila zambarau wala buluu kati yao, mimi nairudisha mezani.

Sasa tazama yako. Kuzunguka miguu ya herufi, buluu imetuama kama masalio ya chai kwenye kikombe. Hiyo ni tabia ya dawa ya majimaji: inakusanyika kwenye pembe na kukaukia hapo. Umri mara nyingi hufanya kinyume, unaacha ukanda uliopauka kidogo kandokando ya herufi. Halafu kuna mkwaruzo chini ya jicho la tembo. Kingo zake bado kali, zinang'ata mwanga, lakini buluu imeshuka hadi ndani yake bila kubadilika hata kidogo. Mkwaruzo wa zamani ungeweza kuwa hivyo. Huu hauonekani wa zamani.

Jambo la tatu watu wengi hulisahau: sarafu ile ni nusu tu fedha, na shaba ndiyo nyingi katika kilichobaki. Za kwetu zilizotembea mikononi na mifukoni huwa za kijivu au kahawia iliyofifia. Upinde wa mvua juu ya mgongo na sikio lililokwisha kulika unanitia shaka kuliko kitu kingine chochote. Kama ingekuwa haijatumika, ningekuambia uiinamishe chini ya balbu moja uone kama mng'ao wa kiwandani unazunguka chini ya rangi. Yako imekwisha kusuguliwa na vidole, kipimo hicho hakitakusaidia.

Nikiri upande wa pili pia: wapo wanaofungia sarafu kwenye mfuko pamoja na yai la kuchemsha likiwa bado moto. Utando unaotoka ni salfaidi ileile, na hata wapimaji wa kazi hubishana juu yake. Wanaoichoma kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, ni rahisi kuwajua, kwani rangi za moto huja kwa mabaka na uso unabaki mkavu, umekufa.

Ukiruhusiwa, itumbukize kwenye asetoni safi ndani ya chombo cha kioo, mbali na moto, dirisha likiwa wazi. Isiwe ile ya kufutia rangi ya kucha, ina mafuta na manukato. Usisugue. Asetoni haigusi salfaidi, kwa hiyo rangi ikitoka, ilikuwa vanishi au uchafu. Isipotoka hujathibitisha umri. Umeondoa shaka moja tu.

Kwa Katanga, chukua kijiti cha meno uguse kijani taratibu. Kijani kinachonata, laini, mara nyingi ni cha mfuko wa plastiki ya PVC. Asetoni inakiondoa, ingawa ikiwa kimekaa sana utakuta kimeila sarafu yenyewe. Kijani kigumu kilichoshikana na bronzi kiache, sarafu inaweza kuishi nacho. Cha kuogopa ni unga wa kijani mweupe-mweupe unaorudi kila ukiupangusa: hiyo ni kloridi, inaendelea kula mradi hewa ina unyevu, na kwenu ziwa liko mlangoni. Itenge na zingine siku hiyohiyo.

Na tafadhali, ndimu hapana. Huku Lubumbashi misalaba ya shaba, ile iliyokuwa pesa ya zamani, hung'arishwa kwa ndimu na majivu ili mgeni aipende. Msalaba huohuo umechorwa kwenye franka yako ya Katanga, na kuna wanaoipa sarafu dawa ileile. Inatoka na wekundu wa kipande cha waya mpya, na kahawia yake ya miaka sitini hairudi.

Kwa tembo, mpe muuzaji bei ya sarafu iliyochakaa, rangi isihesabiwe. Akikataa, wapo tembo wengine wa kijivu.